Mchezo wa Muuaji Nyumbani kwa Bi Zena

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Nairobi huwasha dawa ya mbu kila jioni, ile ya kijani iliyojizungusha kama konokono. Moshi wake hupanda ngazi polepole, ukapenya chini ya mlango wangu na kukaa mapazieni mpaka asubuhi. Wapangaji wengine humlalamikia. Mimi huufungua mlango kidogo ili uingie vizuri. Harufu ile ikinifika puani siko tena Nairobi. Niko Lamu, mtaa wa ndani, nyumbani kwa Bi Zena, nimeketi mkekani miguu nimekunja, mbegu ya komwe imefichwa kiganjani, na namwogopa kila mtu anayenitazama, maana yeyote kati yao anaweza kuniua kwa kunikonyeza.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani nililelewa na majambazi.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipopewa uhamisho kutoka Machakos, mama alilia siku nzima, kisha akafunga mizigo. Nilikuwa darasa la nne. Tulipanga vyumba vya chini katika nyumba ya mawe ya Bi Zena, mjane wa watu wa zamani wa mji. Mwenyewe alikaa juu pamoja na mjukuu wake Nuru, msichana wa rika langu, na kaka wa Bi Zena, Bwana Athmani, aliyeshona kofia. Kutwa Bwana Athmani aliketi nje kwenye daka, yale mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya mlango, sindano mkononi, akitoboa vitundu vidogo vidogo kwenye kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi. Kofia moja ilimchukua miezi. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso usiosema kitu.

Siku yetu ya kwanza Bi Zena alisimama juu ya ngazi akaniita, "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikakimbia jikoni, nikampelekea ndoo ya plastiki. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nilipofundishwa kwamba kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo," kwamba leo ni "yeo," na kwamba macho yangu, niliyoyaita macho maisha yangu yote, pale ni "mato." Kwa muda mrefu baada ya hapo Bi Zena alipotaka kunichokoza aliniita "mwenye ndoo."

Mama hakuipenda Lamu mwanzoni. Aliogopa maji, aliogopa punda waliomsukuma vichochoroni, aliogopa kuvaa vibaya akachekwa. Baba yeye alikuwa na mashine yake ya kuchezea diski na mfuko wa filamu za zamani alizozikusanya tangu enzi za ujana, akawa hana shida. Jumamosi alasiri alifungua mlango wa chumba chetu cha mbele, akaweka televisheni juu ya sanduku, na kina Bi Zena wakateremka. Walikuwa na televisheni yao huko juu, lakini Bi Zena alisema yake ina habari tu, na habari zote ni mbaya.

Filamu iliyotukamata ilikuwa ya Kizungu, nzee, rangi zake zimepauka kama kanga iliyofuliwa mno. Wageni wanaalikwa karamuni kwenye jumba kubwa la mashambani. Kabla vitamutamu havijaletwa mezani, mwenye nyumba anakutwa amekufa kitini. Theluji imefunga barabara, hakuna awezaye kutoka, na muuaji ni mmoja wao. Baba alikuwa akisimamisha picha kila baada ya sentensi chache ili atutafsirie, na kila akisimamisha Bi Zena alikuwa na lake.

"Hawa hawana jamaa? Maiti yuko pale nao wanywa chai? Hakuna wa kumwosha?"

"Wanamsubiri polisi, Bi Zena."

"Basi wamfunike hata shuka!"

Filamu ya saa mbili ilituchukua alasiri nzima. Bi Zena alimshuku mpishi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemshukuru kwa chakula. Baba aliyekwisha kuiona mara nyingi alibana midomo asicheke. Bwana Athmani, aliyekuwa ameketi mlangoni na kofia yake kana kwamba hatazami, ndiye aliyesema bila kuinua kichwa, "Ni yule mwenye kusaidia kila mtu." Na kweli alikuwa yeye.

Lakini kilichobadilisha maisha yetu pale nyumbani kilikuja baada ya filamu kwisha. Mwishoni mwa diski palikuwa na mahojiano mafupi na mtu aliyeitunga hadithi ile, mzee wa miwani mikubwa, ameketi kwenye kochi lililochakaa, paka miguuni. Alisema hakuwa mtu wa kupenda vitabu sana. Alichopenda maishani ni michezo ya karamuni. Kila sikukuu alialika marafiki, akawagawia majukumu ya siri, akaficha vitu makabatini na kuwazungusha nyumba nzima wakitafutana. Hadithi ya filamu ile, alisema, ilizaliwa katika karamu moja ya namna hiyo. Kuna marafiki walioacha kwenda kwake kwa kuchoshwa, na kuna mmoja aliyenuniwa kwa sababu alimgundua muuaji kabla ya supu. Kisha mzee akaeleza mchezo aliokuwa akiupenda kupita yote, wa muuaji anayeua kwa kukonyeza, na alipokuwa akiuonyesha, jicho moja lilifumba na lingine likabaki wazi, linang'aa kama la mtoto aliyeiba sukari.

Bi Zena alimwambia baba airudishe sehemu ile. Akaitazama tena.

"Mzee huyu," akasema, "angalikuwa jirani yangu!"

Jioni ile ile tukacheza. Bi Zena alishusha komwe kutoka kwenye bao lake, zile mbegu ngumu za kijivu, na mama akatoa kichupa cha rangi ya kucha ambayo hakuwa amepata mahali pa kuipakia tangu tufike. Komwe moja ikapakwa nyekundu. Zote ziliwekwa kikapuni, kila mtu akatumbukiza mkono na kuchukua moja bila kuionyesha. Mwenye nyekundu ndiye muuaji. Akikukonyeza, unangoja kidogo, kisha unakufa. Mmoja wetu alibaki bila komwe. Huyo alikuwa mpelelezi, naye alitupa mgongo mpaka mtu wa kwanza aanguke. Hapo aligeuka na kutuuliza maswali, mmoja mmoja.

Bi Zena aliongeza sharti ambalo yule mzee wa kochini hakulitaja. Asiye na komwe nyekundu ni lazima aseme kweli, aulizwe lolote. Muuaji peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema uongo. "Tusiwafunde watoto uongo," alisema. "Huyo mwingine aseme atakavyo, yeye tayari ni muuaji."

Wacha niwaambie walivyocheza. Bi Zena hakuweza kukonyeza. Alikuwa akifumba mato yote mawili kwa nguvu, hata watu aliowaua walidhani amepatwa na usingizi, wakaendelea kuishi. Nuru alicheka kabla ya kuua. Mama, mama yangu aliyeogopa punda, ndiye aliyetushangaza. Alikuwa na kipaji cha kufa. Alishika kifua, akapepesuka, akaita majina ya dada zake wote walioko Machakos, akaanguka juu ya mito polepole kama mti, na hata akiisha kufa mguu mmoja uliendelea kutikisika. Bi Zena alimpigia makofi. Nadhani ni siku hiyo ndipo mama alipoanza kuipenda Lamu.

Baba hakujua kuficha kitu. Alipopata komwe nyekundu alivua miwani akaanza kuisafisha kwa pindo la shati. Kila mara! Akiulizwa swali anasafisha, akijibu anasafisha tena. Na Bwana Athmani? Konyezo lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu alijihisi amekufa kabla hajajua amekufaje. Yeye na baba wakawa marafiki kwa ajili ya mchezo ule. Nikirudi shuleni niliwakuta kwenye daka, mmoja anashona, mwingine anasahihisha madaftari, wanabishana kama mpishi angaliweza kuwa muuaji.

Kisha ukaja msimu mbaya. Sitausimulia wote. Mambo mazito yalitokea upande wa bara, watu wakafa kweli, na serikali ikaweka kafyu. Kabla ya Magharibi kila mtu alitakiwa awe ndani. Vichochoro vilivyokuwa na zogo mpaka usiku vikawa kimya, nikasikia kwa mara ya kwanza maji yakidondoka birikani mwetu, lile tangi la mawe la kuwekea maji. Watu wa bara kama sisi tuliambiwa tujihadhari na wenyeji. Nilikuja kujua baadaye kwamba wenyeji nao walikuwa wakiambiwa wajihadhari na sisi. Mchezo wetu ukakoma wenyewe. Nani angeuliza jioni zile, "Muuaji ni nani?"

Asubuhi moja askari waliingia mtaani, wakachukua wanaume waliokuwa wameketi mabarazani, Bwana Athmani akiwa mmoja wao. Kofia yake ilibaki dakani na sindano ndani yake. Nilimsikia Bi Zena akilia juu, kilio chembamba ambacho hakikufanana naye. Baba alikuwa akinyoa ndevu. Alijifuta sabuni upande mmoja wa uso, akavaa shati lake la kwendea shule.

"Unakwenda wapi?" mama akamwuliza. "Tafadhali, Baba Mwende, usijiingize katika mambo haya. Sisi ni wageni hapa."

"Nakwenda kununua samaki," baba akasema.

Alirudi karibu na saa ya kafyu, mikono mitupu.

"Samaki wako wapi?"

"Hakukuwa na samaki."

"Lamu?"

"Hakukuwa na samaki," baba akarudia, akavua miwani yake na kuanza kuisafisha.

Tulikula ugali na sukuma wiki. Muda mfupi baadaye mlango mkubwa ulifunguliwa, na Bwana Athmani akapita. Walikuwa wamemwachilia. Baba aliinuka haraka akaenda mlangoni kwetu, akasema, "Alhamdulilahi, Bwana Athmani, umerudi." Bwana Athmani alimtazama kama mtu anayetazama ukuta, akapanda ngazi.

Tangu siku hiyo hakumjibu tena. Baba akipita dakani anasema, "Masalkheri, Bwana Athmani," naye anavuta uzi wake. Nuru alikatazwa kuteremka kwetu. Tulibaki kunong'onezana kwenye pembe ya ngazi, yeye amechuchumaa juu, mimi chini, na hapo ndipo aliponiambia.

"Babu Athmani asema baba yako ndiye aliyelitaja jina lake kwa askari. Asema alimwona huko kituoni, ameketi nao, wamempa chai."

Nilimwambia ni uongo. Lakini usiku huo sikuweza kuacha kumtazama baba. Baba aliyesema anakwenda kununua samaki. Baba aliyerudi jioni bila samaki katika mji ambao paka wote wamenenepa. Na tangu siku ile, kila mama alipomwuliza jambo, alivua miwani na kuisafisha. Mimi nilikuwa nimecheza mchezo ule mara nyingi mno, nilijua vizuri maana yake. Nilikuwa mtoto, na niliamini kabisa kwamba baba yangu alikuwa ameshika komwe nyekundu. Sikumwambia mama. Nilianza kuumwa na tumbo kila asubuhi, mama akadhani ni maji ya kisima, akaanza kuyachemsha mara mbili.

Majuma yalipita hivyo. Kisha Jumapili moja baada ya sala ya Alasiri, Bi Zena alisimama juu ya ngazi akaita kwa sauti yake ya zamani, "Mwenye ndoo! Mwambie mamako yeo twacheza."

Niliruka. Niliruka hata nikamkanyaga paka. Bi Zena alishuka na sinia la kaimati za moto, zinang'aa shira ya sukari, na birika la chai ya tangawizi iliyokuwa ikinukia ua mzima. Alikuwa amepika za kulisha arusi. Nuru alishuka nyuma yake akiwa amevaa gauni la Idi. Mkeka ukatandikwa uani, mama akawasha dawa ya mbu pembeni. Mwisho kabisa akashuka Bwana Athmani, kofia na sindano mkononi, akaketi mbali kidogo.

"Mimi sichezi," akasema.

"Basi kuwa mpelelezi," dada yake akamwambia. "Mpelelezi hachezi. Yeye yuwauliza tu."

Alifikiri kidogo. Kisha akageuka, akatupa mgongo.

Kikapu kikazunguka. Mimi nilipata komwe ya kijivu, nikamtazama baba alipochukua yake. Alichungulia ndani ya kiganja, akafumba ngumi, na nikaona mkono wake wa pili ukipanda kuelekea miwani. Lakini aliirekebisha tu puani, akaushusha mkono.

Mama ndiye aliyekufa. Alikufa vibaya siku hiyo, bila kuwataja dada zake, aliegemea mto tu akafumba macho. Bwana Athmani akageuka kutuelekea.

Alianza na Nuru. "Ulikuwa wapi sukari ilipopungua kabatini?"

"Kabatini," Nuru akasema kwa sauti ndogo, na Bi Zena akacheka kuliko jambo lilivyostahili. Mimi niliulizwa nilikuwa wapi sala ya Adhuhuri ilipoadhiniwa, nikasema nilikuwa chini ya kitanda namtafuta paka. Kisha Bwana Athmani akamgeukia baba. Alikuwa hajalitamka jina lake tangu siku ile.

"Mwalimu. Siku waliyokuja kunichukua. Ulikuwa wapi?"

Bi Zena aliweka kikombe chini. "Athmani," akasema, "huo ni mchezo."

"Nami nacheza. Si mmesema niulize? Nauliza. Ulikuwa wapi, Mwalimu?"

Mama, aliyekuwa maiti, alifumbua macho. Baba alinyoosha mkono wake mbele, akafungua vidole kimoja kimoja, na hapo kiganjani, mbele ya watu wote, komwe yake ilikuwa ya kijivu.

"Sina ruhusa ya kusema uongo," akasema. "Nilikuwa kituoni."

"Nilikuona."

"Najua uliniona. Nami nilikuona ukipitishwa ukumbini."

"Ulikuwa wanywa chai nao."

"Niliinywa, Bwana Athmani. Nilikuwa na njaa, sikuwa nimekula tangu asubuhi. Askari mmoja mtoto wake namfundisha, akanihurumia akaniletea kikombe." Baba aliiweka komwe mkekani. "Nilikwenda kuwaambia kwamba nakujua. Kwamba naishi nawe nyumba moja, kwamba kutwa nzima wewe unashona na mimi nakuona. Wakaniambia niketi kwenye benchi, mkubwa ataniita. Nikaketi. Nikamngoja. Kila nilipoinuka kuuliza waliniambia, 'Mwalimu, keti.' Mchana ukapita. Mwisho mmoja akanijia akaniambia niende nyumbani kabla ya kafyu, na kama nazidi kujishughulisha na mambo yale basi jina langu nalo litaandikwa. Nikaenda. Sikukusaidia chochote. Walikuachilia wenyewe, kwa mapenzi yao."

"Mbona hukunambia?" Bwana Athmani akauliza.

"Nikwambie nini? Kwamba nilikwenda nikashindwa? Ninyi mnadhani sisi watu wa bara tukiingia ofisini tunasikilizwa. Mimi hata jina langu hawakuliuliza."

Mama aliinuka kutoka kwenye kifo chake. "Uliniambia ulikwenda kununua samaki!"

"Ulinikataza nisiende," baba akasema, na sasa ndipo alipovua miwani. Safari hii hakuisafisha. Alijifuta macho.

Bwana Athmani alikaa akimtazama. Nakumbuka uso wake, ule uso usiosema kitu, ukianza kusema kila kitu kwa pamoja, midomo, kope, kidevu. Kisha akapitisha kiganja juu yake kama mtu anayemaliza dua.

"Mimi ni mpelelezi mbovu," akasema. "Kutwa nzima uliketi pale kwa ajili yangu, nami siku zote hizi sikuitika salamu yako. Nisamehe, ndugu yangu."

"Hata mimi ningedhani hivyo hivyo," baba akasema. "Kile kikombe cha chai kiliniponza."

Basi hapo Bwana Athmani akacheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba kama cha msichana. Mama akacheka huku akilia na huku akimgombeza baba kwa ajili ya samaki. Mimi nilienda nikamkumbatia baba kiunoni, nikaficha uso shatini mwake, naye akanipapasa kichwa bila kujua kilichokuwa kikitoka moyoni mwangu. Kesho yake asubuhi tumbo halikuniuma.

Nuru ndiye aliyekumbuka mchezo. "Lakini muuaji ni nani?"

Tulitazamana. Bi Zena alifungua kiganja chake polepole, kana kwamba naye alikuwa amesahau kilichomo. Komwe ilikuwa imeacha alama nyekundu kwenye ngozi, kwa jasho.

"Ni mimi," akasema. Hakucheka. Alisimama, akasema mchezo umekwisha, tule kaimati kabla hazijapoa.

Nani aliyelitaja jina la Bwana Athmani kwa askari, hatukujua kamwe. Pengine hapakuwa na mtu, pengine walichukua tu waliokuwa mabarazani. Nilipomwuliza Bi Zena siku moja, maana nilizoea filamu ambazo lazima mtu apatikane, aliniambia nikaoshe vyombo. Baadaye Bwana Athmani alimpima baba kichwa kwa uzi, akaanza kumshonea kofia. Ilipokwisha ilikuwa nzuri ajabu na ilimbana kidogo. Baba, mzee wa kanisa, aliivaa ndani ya nyumba tu, wakati wa kusahihisha mitihani, na alisema wanafunzi wanapata alama za juu zaidi akiwa ameivaa kwa sababu anakuwa na haraka ya kumaliza.

Bi Zena alifariki mwaka juzi. Nilikwenda matangani, na baada ya wageni kupungua nilikaa na Nuru jikoni juu, tunakuna nazi. Tulikuwa tukicheka juu ya vifo vya mama yangu, nikamwambia kwamba katika utoto wangu wote sikupata kuonja kaimati kama za Jumapili ile, kwamba bibi yake alifurahi jinsi gani hata akapika nyingi vile. Nuru aliacha kukuna.

"Hukuambiwa?" akasema. "Bibi alikuwa akilia akizikaanga. Babu alikuwa amemwambia achague, ama nyinyi mhame, ama yeye Babu ahame. Akachagua. Alitaka mcheze mara ya mwisho, mfurahi, kisha baada ya chai amwambie mamako mtafute nyumba nyingine."

Nilirudi Nairobi nikiwa na jambo hilo kifuani. Nilimpigia mama simu Machakos, nikamwuliza kama anakumbuka chochote cha jioni ile, baada ya kaimati. Akafikiri. Akasema ndiyo, Bi Zena alimwita pembeni, kwenye ngazi, akamshika mkono. Alionekana ana neno zito, na mama akaogopa. Alikaa kimya muda mrefu, anamtazama tu.

Miaka yote nilikuwa nimeihesabu Jumapili ile miongoni mwa siku za raha ya kawaida, siku ya kaimati na michezo, kana kwamba nyumba ile ilikuwa yetu kama jua lilivyo letu. Sikujua kwamba tuliishika kwa ncha za vidole. Mimi na Nuru tulikuwa tukigombea kaimati ya mwisho siniani, na hatua chache kutoka kwetu, kwenye giza la ngazi, mwanamke mmoja alikuwa akilimeza neno alilokuwa ameliandaa siku nyingi.

"Halafu akakwambia nini?" nikamwuliza mama.

"Aliniuliza kama dirisha la chumba cha nyuma bado halifungi," mama akasema. "Nikamwambia bado. Fundi akaja Jumatatu."

Tulikaa pale mpaka nilipomaliza shule ya msingi.